Blanketi Aliloliacha Mke Wangu

Kiharusi kilimpata mke wangu asubuhi, anaosha vyombo uani. Mimi nilikuwa chumbani natafuta miwani. Nikasikia sufuria imeanguka, kisha kimya. Kimya ndicho kilichonitoa mbio, maana mke wangu akiangusha kitu alikuwa na desturi ya kukigombeza. Nilimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Aliniona, akataka kuniambia kitu, mdomo ukaenda upande.

Siku hizo alikuwa anafuma blanketi la mtoto. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa, ameolewa Mwera, huko Pangani, na anafundisha shule ya msingi. Alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Hii ya tatu ilipotangazwa, mke wangu hakugusa uzi. Aliogopa. Alingoja mpaka binti alipopiga simu kusema mtoto ameanza kucheza tumboni. Siku ile ile akaenda sokoni, akarudi na mabonge ya uzi wa sweta wa rangi ya maziwa, akakaa barazani, akaanza.

Lilikuwa blanketi rahisi, hata mimi niliona. Halikuwa na maua, halikuwa na michoro, kila mstari ulifanana na uliotangulia. Nikamwuliza kwa nini yeye, aliyewahi kufuma masweta yenye mapambo ya kila namna, amechagua kitu kitupu namna ile.

"Mtoto hajui mapambo," akasema. "Anataka kufunikwa tu."

"Kwa joto hili la Tanga?"

"Mtoto akitoka tumboni hutetemeka hata Tanga. Wewe ulikuwa nje na wanaume wenzako, hukumwona binti yako alivyokuwa anatetemeka."

Ni kweli, nilikuwa nje.

Baba yangu alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini, karibu na Pongwe. Nilipokua nikaajiriwa kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na hapo nikakaa mpaka nikastaafu. Mke wangu ndiye aliyetoka milimani hasa, juu upande wa Lushoto, ambako asubuhi watu wakizungumza hutoka mvuke mdomoni. Huko wasichana walifundishwa kufuma na mama zao. Tulikutana kwenye kwaya ya kanisani alipokuja Pongwe kumtembelea ndugu yake. Baada ya ndoa tukajenga Mabawa, na kwa miaka yote tuliyoishi pale majirani walimcheka kwa kufuma sufu kwenye mji ambao watu wanalala na dirisha wazi. Lakini wenye safari ya Lushoto wote walijua mlango wa kugonga.

Alirudi kutoka hospitali akiwa hawezi kusimama peke yake. Mkono wa kulia haukurudi. Daktari alituambia maneno yatarudi polepole, tuwe na subira. Yalirudi kweli, ila yaliyorudi yalikuwa ya Kishambaa. Kiswahili alichonipendea, alichonigombezea, alichomlelea binti yetu, kilikuwa kimezama mahali asipoweza kukifikia. Na mimi Kishambaa changu ni cha kambini. Naelewa salamu, chakula na matusi. Wazazi wangu walizungumza nami Kiswahili kwa sababu kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na hakuna aliyefikiri kwamba iko siku nitahitaji kile kingine.

Basi tukaanza upya kama watu wasiojuana. Alitaka maji, nikamletea shuka. Alitaka kugeuzwa, nikafungua dirisha. Kuna siku alilia kwa hasira, nami nikatoka uani nikalia kwa aibu. Binti alipokuja kututazama mwisho wa juma alijaribu kutafsiri, lakini na yeye alikuwa na maneno machache tu aliyoyaokota likizo kwa bibi yake.

Aliyetusaidia zaidi ni jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, mjane, ambaye mababu zake walitoka Oman na wakati mmoja walikuwa na mashamba ya minazi upande wa Pangani. Sasa ana nyumba ile na cherehani, na anashona kofia kwa mkono ingawa macho yamepungua. Mke wangu alikuwa akimwita bibi, na mimi nikafuata. Kila asubuhi alikuja na uji wa mchele wenye pilipili manga, akakaa kitandani, akamlisha kijiko kwa kijiko huku akimsimulia habari za mtaa. Hakujua Kishambaa hata neno.

"Bibi, hakuelewi," nilimwambia siku moja.

"Ananielewa," akasema. "Mtazame macho. Wewe ndiye unayetaka ajibu, mimi sitaki jibu, nataka ameze."

Kikapu cha uzi kilikuwa pale pale barazani, nyuma ya kiti, tangu asubuhi ya kiharusi. Nilikuwa nakipita kila siku. Blanketi lilikuwa limefika urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, limening'inia kwenye sindano.

Siku moja nilipomtoa nje kupata hewa, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kikapu. Nikafikiri anataka kukigusa tu. Nikamwekea mapajani. Akalitoa blanketi, akalitazama, kisha akanisukumia. Nikalirudisha. Akanisukumia tena, safari hii kwa nguvu, akashika sindano moja akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Mimi?" nikasema. "Mama, mimi siwezi kazi hii."

Akasema neno ambalo nililijua. Lilikuwa moja ya yale matusi.

Nikacheka, na yeye akacheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, cha kwanza tangu kuugua. Basi nikakaa kwenye mkeka miguuni pake, ili mkono wake wa kushoto unifikie, nikajifunza kufuma.

Sijawahi kushika kitu kigumu namna ile. Mikono yangu ilizoea spana na nyuzi za mkonge. Uzi wa sweta ulinasa kwenye kila ufa wa ngozi. Bibi wa jirani alipoona akaleta mafuta ya nazi, akaniambia nipake kila nikiamka, nikapaka kama mwari. Kazi yenyewe mke wangu alinionyesha kwa kunigonga. Sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi, uzi unazungushwa, unavutwa utokee upande huu kama kitanzi kipya, cha zamani kinaachiwa. Nikikosea njia, alinigonga kifundo cha mkono. Nikikaza mno, kama nafunga nati, alinipapasa mahali pale pale mpaka nilegeze. Nikipatia, alisema, "Kangi." Neno hilo niliuliza kwa simu kwa shemeji yangu aliye Lushoto. Ni "tena."

Mwanzoni niliharibu kila kitu. Nilidondosha vitanzi, mstari ukafunguka mpaka chini, nikashikwa na hofu kama niliyevunja chombo cha watu. Yeye hakushtuka. Aliuvuta uzi akaifumua mistari yangu yote taratibu, akaishia pale kazi yake ilipoanzia, akanirudishia. Kazi yake mwenyewe hakuifumua hata mara moja. Alijua mpaka ulipo kwa kugusa tu.

Baada ya muda mikono ikazoea. Asubuhi, bibi akishaondoka na bakuli lake, tulikaa barazani mpaka jua lilipotufikia. Wanaume wenzangu wa mtaani walipita. Wengine walisimama.

"Mzee, umebadili kazi?"

"Nimebadilishwa," niliwajibu.

Naweza kusema zile zilikuwa siku njema, ingawa zilikuwa siku za ugonjwa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kukaa karibu naye mchana kutwa. Nilikuwa mtu wa zamu. Nilirudi na harufu ya mkonge, nikala, nikalala. Sasa nilimjua namna anavyopumua akiridhika na namna anavyopumua akichoka. Na yeye alizungumza. Alizungumza sana, kwa lugha ile, akitazama njia, na mimi nilifuma nikisikiliza. Nilielewa neno hapa na neno pale: mvua, mama, moto, kuni. Nadhani alikuwa nyumbani kwao, ni msichana. Kuna mara aliniuliza jambo na kungoja jibu. Nilikuwa nasema, "Ndiyo, mama," na mara nyingine alitikisa kichwa kwa huzuni, nikajua jibu halikuwa hilo.

Binti alikuja tumbo limekuwa kubwa. Alitukuta hivyo, mimi mkekani na sindano, mama yake juu kitini. Alisimama getini muda mrefu.

"Baba, nani amekufundisha?"

"Mwulize mwalimu wangu."

Mke wangu akamwita kwa mkono, akamwekea blanketi juu ya tumbo, akalipima. Halikutosha bado. Akanirudishia, akaniambia nisichoke. Hilo nililielewa bila mkalimani.

Homa ilianza na kikohozi kidogo. Kwa mtu mzima mwingine kingekuwa kikohozi tu. Kwa mtu anayelala muda mwingi kikashuka kifuani. Tulimrudisha hospitali. Wodini ndugu hawakai. Unaingia saa ya kuona wagonjwa, unatoka. Basi nilikuwa nakaa nje kwenye benchi chini ya veranda pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, na mfuko wa plastiki wenye uzi wangu. Nilifuma pale. Mama mmoja aliyekuwa anamngoja mwanawe aliniomba anishikie bonge lisibingirike kwenye vumbi. Saa ya kuingia ikifika nilikuwa namwonyesha mke wangu mistari mipya, naye anapitisha kidole. Siku ya mwisho alipitisha kidole akanitazama, lakini hakusema lile neno lake. Nikadhani amechoka.

Asubuhi iliyofuata nilifika na chupa ya uji. Nikaambiwa ningoje kidogo, wanawasafisha wagonjwa. Nikakaa, nikatoa uzi. Nilikuwa katikati ya mstari muuguzi alipotoka na kuniita kwa sauti ya chini. Nilielewa kabla hajasema kwa sababu hakuniita "mzee" kama siku zote. Aliniita "baba."

Tulikuwa tumekubaliana zamani kwamba azikwe kwao milimani, karibu na mama yake. Kaka yake alishuka na gari. Binti alitaka kwenda. Mkunga alimkatalia kabisa. Siku zake zilikuwa zimekaribia na barabara ile ya kupanda kutoka Mombo ni kona tupu. Alibishana na mumewe, akabishana na mimi.

"Mnaniambia nisimzike mama yangu?"

Bibi wa jirani ndiye aliyemshika mabega. "Mwanangu, mama yako alimsubiri huyu aliye tumboni kuliko mtu yeyote. Ukimpeleka kwenye mashimo ya barabara utakuwa umempinga mama yako. Kaa na mimi."

Akakaa. Jeneza lilipotolewa aliliwekea mkono, akatembea nalo mpaka kwenye gari, mkono mmoja juu ya mbao na mwingine chini ya tumbo. Mlango ulipofungwa aliendelea kusimama pale barabarani. Nilimwona kwenye kioo mpaka tulipokata kona.

Tulimzika kwenye ukungu. Waliimba vizuri, watu wa kule wanajua kuimba. Baada ya mazishi tukakaa matanga, na baridi ilikuwa kali, wakatuwashia moto. Wanaume walizungumza habari za mazao na za watoto wao walioko mjini. Mimi nikatoa uzi wangu.

Shemeji yangu, yule kaka mkubwa wa marehemu, alikuja akakaa karibu, akanong'ona.

"Shemeji, weka hiyo chini. Watu wanakutazama."

"Waache watazame."

"Umefiwa. Mwanamume aliyefiwa anakaa na wenzake, anapokea pole."

"Pole napokea. Mikono nayo niifanye nini?"

Alivuta kigoda chake mbele yangu, akanikinga na macho ya watu kwa mgongo wake, akakaa hivyo mpaka jua likaingia. Nilimpenda siku ile kuliko miaka yote ya undugu wetu.

Kesho yake shangazi wa marehemu, mwanamke mzee sana, aliniomba aione kazi. Akalitandaza mapajani, akapitisha gumba kutoka mwanzo kuelekea mwisho, polepole. Mahali fulani akasimama.

"Hapa ndipo mkono wake ulipoishia," akasema.

Nikatazama. Sikuwahi kuona. Kumbe upande wake ulikuwa umelala sawasawa, laini, na upande wangu ulikuwa na mabonde na vilima, mgumu hapa, mlegevu pale. Mtu yeyote angeona. Mke wangu mwenyewe aliona kila siku, akanyamaza.

"Na alikufundisha kulifunga?" yule mzee akauliza. "Maana hili limetosha, baba. Limezidi hata."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui. Alinifundisha kuendelea tu. Ukizitoa sindano bila kuvifunga vile vitanzi vya mwisho, kila kitu kinafumuka. Namna ya kuvifunga hatukuwahi kuifikia, kwa kuwa tulidhani iko siku.

"Leta nikufungie," akasema. "Ni kazi ya muda mfupi."

Nilikataa. Nilimwambia asante, mama, naomba uniachie. Alinitazama, akalikunja, akanirudishia. Sijui kama alielewa. Niliona tu kwamba likifungwa pale nitarudi Tanga mikono mitupu, kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunigonga kifundo.

Nikarudi nikaendelea kufuma. Binti alikuwa nyumbani kwangu akisubiri kujifungua, amelala kitanda cha mama yake kwa sababu alitaka mwenyewe. Hatukuzungumza sana. Alikuwa anakasirika kwa vitu vidogo, chumvi, mlango, taa, na mimi nilijua ni lile gari lililoondoka bila yeye. Alinikuta barazani kila asubuhi, sindano mikononi, uzi ukipungua. Nilienda sokoni nikaongeza bonge jingine. Rangi haikufanana sawasawa; ilikuwa nyeupe zaidi. Nikaunga hivyo hivyo.

Bibi wa jirani alivumilia, kisha akachoka. "Hebu niambie," akasema, "unamfumia mtoto au unamfumia ngamia?"

"Bibi, sijui kulifunga."

Aliacha mzaha papo hapo. Akaketi. "Lo," akasema, na akarudia tena kwa sauti ya chini. Alikuwa mjane miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Uchungu ulimshika binti alfajiri. Mumewe, aliyekuwa amekuja kutoka Mwera, akampeleka. Nilibaki nyumbani kwa kuwa niliambiwa nibaki, na pia kwa kuwa nisingeweza kukaa tena kwenye lile benchi. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilichemsha maji yasiyo na kazi. Jua lilikuwa limepanda simu ilipolia.

"Mzee," mkwe wangu alisema, na sauti yake ilikuwa inacheza, "tumepata binti. Wote wazima."

Nilikaa chini pale pale uwanjani. Bibi aliyasikia kutoka kwake, akapiga kigelegele kimoja kikali, kisha akaja haraka akijifunga mtandio.

"Alhamdulillahi. Haya, chukua blanketi twende."

Nikalitoa. Lilikuwa bado kwenye sindano.

"Utampelekea mtoto na misumari hiyo?"

"Nitafanyaje sasa?"

Akafikiri. "Mimi kufuma sijui. Lakini kushona najua." Akarudi kwake, akaja na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaitunga uzi wa sweta. Tukakaa barazani goti kwa goti. Macho yake hayakuona vitanzi vizuri, basi mimi nilikuwa namsogezea kimoja kimoja kwenye ncha ya sindano, naye anapitisha shazia, anavuta, anasema, "Kingine." Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Kisha akafunga fundo, akafunga la pili juu yake, akalikata kwa meno.

"Toa sindano," akasema.

Sikuthubutu. Nilijua nikiitoa, na kama hatukushona vizuri, kila kitu kitaanza kufunguka mstari kwa mstari, changu kwanza, na baadaye kitaingia kwenye kile chake, na hapatakuwa na mtu wa kukirudisha.

"Toa, mwanangu."

Nikafumba macho nikavuta. Nilipofumbua, lilikuwa limekaa. Ukingo ulikuwa umejikunja kama mdomo wa mfuko, hata sasa umejikunja, lakini lilikuwa limekaa.

Hospitalini binti alikuwa amekaa kitandani, mtoto amefungwa kanga. Nilimpa pole na hongera. Ndivyo watu walivyotusalimia majuma yote yale, pole na hongera kwa pumzi moja, hatukujua tuitikie ipi kwanza. Alilipokea blanketi, akalikunjua. Lilikuwa refu mpaka likateleza kitandani likagusa sakafu.

"Kipi ni cha Mama?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akapapasa pale, mahali palipolala sawasawa.

"Na hiki chote ni wewe?"

"Chote."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka, na kicheko kikageuka kuwa kilio bila kupumzika katikati, kilio alichokuwa hajakilia tangu siku ya gari. Mkwe wangu akataka kumchukua mtoto. Bibi akamzuia kwa mkono. Alipotulia alimfungua mtoto ile kanga, na ni kweli, mtoto alikuwa anatetemeka, kidevu kinacheza. Akamzungushia blanketi, upande wa mke wangu ukaanzia kifuani kwa mtoto, wangu ukazunguka nje mara mbili.

Baada ya arobaini alirudi Mwera. Nyumba yangu ikawa kimya. Mkwe wangu alinitaka nihamie kwao, nikasema nitakuwa nakuja, na kweli nilikuwa naenda. Sindano nilizirudisha kikapuni. Watu walidhani nitaendelea, hata mama mmoja wa kanisani aliniletea uzi wa kumfumia mjukuu wake. Nilimrudishia kwa upole. Bibi bado aliniletea uji, ingawa sasa hapakuwa na mgonjwa. Tulikunywa barazani, yeye na mimi, akanisimulia habari za mtaa, na sikujibu, naye hakutaka jibu.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, binti akasema anataka kwenda kwa mama yake. Hakusema kaburini. Tulipanda gari asubuhi, sisi watatu na mumewe, tukapita Mombo, tukaanza zile kona. Hewa ilipoanza kupoa alitoa blanketi kwenye mfuko akamfunika mtoto. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi, limepoteza weupe. Shemeji alitupokea barabarani. Shangazi yule mzee alikuwa amekwisha kufariki, shemeji akatuonyesha na kaburi lake kando ya njia.

Binti alinipa mtoto akasogea peke yake. Nilitaka kumfuata, mumewe akanishika mkono, tukabaki nyuma kwenye migomba. Alipiga magoti. Kwanza aling'oa majani yaliyoota juu ya udongo, akayarundika pembeni vizuri kama anayesafisha chumba cha mtu. Kisha akaanza kuzungumza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, kama anavyozungumza kwenye simu. Upepo ulituletea vipande tu. Nilisikia akisema, "Sikuachwa nije, Mama." Nilisikia jina la mtoto. Mengine hayakunifikia, wala hayakuwa yangu.

Mtoto alikuwa amenishika sikio, analivuta. Nilimwachia. Ukungu ulishuka kwenye mashamba mpaka hatukuona tena barabara, na manyunyu yakaanza. Shemeji akaja na mwavuli mmoja, akasimama mbali kidogo, akangoja mpaka binti aliponyanyuka na kujipangusa magoti.

"Chakula kiko tayari," akasema. "Twendeni, mtoto asilowe."

Tukateremka njiani taratibu, udongo ulikuwa unateleza.